Mkia wa Watergate

Ukihamia Massachusetts, Kiingereza ulichosomea Kenya kitakutosha benki na hospitalini. Kazini wakati wa mapumziko, huenda kisikutoshe. Mwanzoni mwa 2015, sisi wahudumu wa wazee hapa Lowell tulisikia neno moja kutwa kucha: Deflategate. Timu ya hapa ya futiboli ya Kimarekani, Patriots, ilikuwa imewacharaza wapinzani wao Colts 45–7, kisha ikashukiwa kuwa mipira yake ilipunguzwa upepo makusudi ili ishikike vizuri. Sawa, tumeelewa. Lakini hiyo "gate" inaingiaje kwenye mambo ya upepo?

Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia ndiye aliyenirudisha mwaka 1972. Watu 5 walikamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, katika jumba la Watergate, Washington, na mkasa ukakua hadi Rais Nixon akajiuzulu Agosti 1974. Jumba ni jumba tu, ila waandishi walikata kipande cha mwisho cha jina lake wakawa wanakibandika kwenye kila kashfa. Kinara wao alikuwa William Safire wa New York Times, ambaye zamani alimwandikia Nixon hotuba. Wapo waliomshuku: ukiita kila kosa "gate", kosa la bosi wako wa zamani linaonekana la kawaida. Mimi shaka hiyo naiona ina mashiko. Leo mpira usio na upepo na rais aliyeng'oka madarakani wanavaa sare moja.

Majira yaleyale ya baridi ya Deflategate, Boston ilipata theluji ya inchi 110.6, karibu mita 2.8, rekodi ya jiji. Basi "snow", yaani theluji, ikabandikwa mikia ya mwisho wa dunia: ikawa snowpocalypse, ikawa snowmageddon. Ukweli, kwa mtu aliyelelewa na Kitabu cha Ufunuo inashtua kidogo kuona Har–Magedoni imegeuzwa tangazo la barabara kufungwa. Godzilla naye, lile dude la filamu ya Kijapani ya 1954, ametoa mkia wake kwa bibi harusi msumbufu: bridezilla. Huyo sina ugomvi naye. Sisi sote tumewahi kukaa kamati ya harusi.

Kinachoniuma ni pale mkia ulipofika nyumbani. Desemba 2014 mahakama moja ya London iliitia hatiani kampuni ya uchapishaji ya Smith & Ouzman kwa kuwahonga maafisa, wakiwemo wa uchaguzi na wa mitihani Kenya, ili ipate kandarasi. Kwenye barua pepe zao hongo iliitwa "chicken", yaani kuku, na magazeti yetu yakaipa kashfa jina la Chickengate. Jina tamu, linauza gazeti. Lakini tunazungumzia karatasi za kura na vyeti vya watoto wetu! Kashfa zetu za pesa za umma, Goldenberg na Anglo Leasing, hazikupewa mkia wowote, na hadi leo Mkenya akizitaja uso unakunjamana. Chickengate ukiitaja, watu wanaanza kucheka kabla hujafika kwenye pesa.

Nilijaribu kuwasimulia wenzangu kazini, wale wale wa Deflategate. Wakapenda sana. Mmoja akauliza kuku wenyewe walikuwa wangapi.