Shangazi, simu na nguzo za umeme

Watu watatu waliniambia kwamba ukishapona korona, kimbia utoe jasho, mapafu yafunguke. Nikawasikiliza, na bado inaniuma.

Ilikuwa Julai 2021. Homa imeisha, kikohozi hakuna, chakula kinapita. Wiki ya tatu, Jumamosi alfajiri, nikavaa raba nikaenda Coco Beach na wenzangu wa jogingi. Kilomita mbili nikazimaliza vizuri kabisa. Jumapili mzima. Jumatatu sikuinuka! Miguu mizito kama imejaa mchanga wa ufukweni, moyo unadunda nikiwa nimelala, kigimbi cha kushoto kinauma. Siku tisa kitandani.

Kigimbi ndicho kilichonifikisha hospitali. Daktari alihofia damu imeganda mguuni, akaagiza utrasaundi, haikuwa imeganda. Ndipo akanieleza kwamba kirusi hiki hakiishii mapafuni, kinaweza kuudhuru utando wa ndani wa mishipa ya damu. Utando ukiwa salama hutoa gesi ya naitriki oksaidi, mshipa ukalegea na kupanuka mwili unapohitaji damu zaidi. Ukidhurika, mshipa hubana na damu huganda kwa urahisi. “Tembea, dada,” akasema, “ila rudi kabla hujachoka.”

Sasa nitajuaje kabla sijachoka? Hapo nikatumia nguzo za umeme za mtaani kwetu Sinza. Nguzo mbili kwenda, mbili kurudi. Zikipita siku tatu bila kuzidiwa, naongeza moja. Na natembea huku naongea na shangazi yangu wa Moshi kwenye simu, kwa sababu pumzi ikikatika yeye anasikia kabla yangu. “Mbona unahema? Simama hapo hapo, mwanangu!” Nasimama, hata nguzo ikiwa hatua tatu mbele. Kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni na mapigo nilikinunua elfu hamsini na kitu, lakini sikio la shangazi lilikitangulia. Vifurushi vya simu ndivyo vilivyokula hela.

Chumvi nimepunguza, presha napima kila Jumapili. Na ukiona mguu mmoja umevimba ghafla au kifua kinabana, achana na nguzo, wahi hospitali.

Desemba nilifika nguzo ya arobaini, karibu na Barabara ya Shekilango. Shangazi alikuwa ananisimulia habari za migomba yake, na hakukatisha hata mara moja.