Sinthesaiza ya vipande: sika imekaa, nafasi ya filta imekwenda

Sika, ile noti ya tatu ya Rast (maqam, yaani ngazi ya noti, ya muziki wa Kiarabu), imekaa kwenye sinthesaiza yangu! Saa sita za usiku sasa, vidole vinanuka moshi wa kulehemu, na watu wa nyumba washanichoka wamelala. Wiki saba nimezunguka palepale, kumbe mchawi ni chaja ya simu.

Kasha langu la kupachikia moduli, yaani vipande vya sinthesaiza, lina safu moja ya 84 HP (HP ni kipimo cha upana wa moduli), chini kidogo ya sentimita 43, na nilijiapiza halitazidi hapo. Mpango ulikuwa osileta moja ya analogi (ndiyo inayotoa sauti), filta ya kuichuja, VCA mbili za kupandisha na kushusha nguvu yake, envelopu mbili za kuamua noti inavyoanza na kufifia, LFO ya kuyumbisha polepole, na kwantaiza ya kuisogeza volti kwenye noti iliyo karibu. Kabla sijatoa hata shilingi niliupiga mpango huo mwezi mzima ndani ya VCV Rack, programu ya kompyuta inayoiga sinthesaiza za vipande, ambayo toleo lake la kawaida ni bure, nikiandika kila usiku ni moduli zipi nimezigusa kweli. LFO niliyokuwa nikiililia niliigusa mara mbili. VCA zilikuwa zinaisha kila siku. Kwa hiyo wewe unayetazama picha za moduli zenye mataa, ongeza VCA kwanza. Mataa utayaona harusini.

Kwantaiza ndiyo iliyonivurugia hesabu. Hiyo niliyonunua inajua noti 12 tu za piano: volti moja ni oktavu moja, kwa hiyo kila noti ni milivolti 83.3 juu ya mwenzake, basi. Mie nataka Rast. Sika ya Rast inakaa baina ya noti mbili za piano, karibu milivolti 292 juu ya noti ya chini, wakati kwantaiza inakupa 250 au 333, chagua sumu yako. Nikaitoa, nikaunda ya kwangu: Arduino ndogo (kibao cha kompyuta cha kuprogramu) na chipu ya MCP4725 ya kutolea volti. Biti 12, hatua 4096. Programu niliimaliza siku moja, nikajiona bingwa.

Nikalibeba kasha hadi barazani kwa Ami, hapa hapa Kikwajuni, Unguja. Ami anapiga ganuni, kile chombo cha nyuzi cha taarabu, tangu mimi sijazaliwa. Nikachomeka, nikapiga Rast kupanda. Akasikiliza, akachukua ganuni yake, akainua vile vishikizo vidogo vya pembeni, akapiga ile ile.

"Mwanangu, huku chini unakwenda vizuri," akasema. "Ukipanda unakimbia. Unakimbilia wapi?"

Kweli, jawabu, yaani noti ya juu ya oktavu, ilikuwa juu. Si kidogo, ilikuwa juu kiasi cha kumfanya mjukuu wake acheke. Nikarudi nyumbani, nikachomeka Arduino kwenye kompyuta ili niangalie programu, nikapiga: safi, oktavu imekaa sawasawa. Nikarudi kwa Ami kesho yake: inakimbia. Nyumbani safi, barazani inakimbia. Nikaanza kuamini baraza ina neno lake.

Halafu nikashika nadharia ya joto, kwa sababu ni nadharia nzuri na kila mtu anaijua. Osileta ya analogi inageuza volti kuwa sauti kwa transista mbili, na transista hizo zinahisi joto. Ndiyo maana watengenezaji wanaweka resista ya kufidia. Kaskazi hii, mchana barazani jasho linakutoka umekaa tu. Basi ni joto! Nikazungusha kiskrubu cha kurekebishia oktavu barazani mpaka ikakaa. Nikarudi nyumbani, ikawa chini. Nikakizungusha tena. Kile kiskrubu nimekizungusha wiki mbili, namshukuru Mungu hakijakatika.

Programu ya simu ya kupimia sauti haikunisaidia kitu. Hiyo nayo inajua noti 12 tu, kwa hiyo sika kwake ni kosa kubwa kuliko yote yanayowezekana. Sindano inaruka kushoto kulia kama imepagawa. Kwa wanaopiga maqam, chombo cha kupimia ni mita ya volti na sikio la mtu mzima. Mita yenyewe iwe inayosoma milivolti vizuri. Ile ya bei ya chini kabisa niliyoanza nayo ilikuwa ikinidanganya kila betri yake ikichoka.

Hapa ndipo nilipofanya upuuzi wangu mkubwa. Nikaihukumu osileta, nikanunua ya pili, ya dijitali, ambayo joto haliibabaishi: nakala ya Plaits. Mutable Instruments wa Ufaransa walitoa Plaits mwaka 2018 na michoro yao iko wazi, kwa hiyo hata baada ya wao kufunga duka mwaka 2022 mafundi wanaendelea kuiunda. Moduli nzuri sana, sina neno nayo. Ila inakula 12 HP, nafasi niliyokuwa nimeiwekea filta. Nikaipeleka kwa Ami. Ikakimbia, na kwa kiasi kile kile.

Osileta mbili za ukoo tofauti zinakosea sawasawa, nami bado nalaumu jua. Aibu hiyo naiandika ili isomwe.

Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu, bila kujua. Juzi niko mezani, Arduino inakula umeme wa chaja ya simu kama inavyokula barazani, Rast inakimbia, nimeshakata tamaa. Akaja: "Mjomba, nachukua chaja yangu." Akachomoa. Arduino ikazima, nikaichomeka kwenye kompyuta, na pale pale, hakuna kingine kilichoguswa, jawabu ikakaa.

Nikachukua mita. Kwenye kompyuta Arduino inapata volti 4.82. Kwenye chaja, 5.12.

MCP4725 haina kipimo chake cha ndani. Inachukua umeme inaolishwa, chochote kile, inaugawa mara 4096. Ukiilisha zaidi, kila hatua inarefuka. Programu niliipima kwenye kompyuta. Kwenye chaja kila oktavu ikawa inarefuka kwa karibu robo tatu ya nusu toni. Noti ya chini nilikuwa naiweka sawa kwa kitufe cha osileta, ndiyo maana chini palikuwa pazuri na juu panakimbia. Na kila nilipotaka kuchunguza ugonjwa nilikuwa naichomeka kwenye kompyuta, yaani naiponya kwanza ndipo naipima!

Dawa ya muda: 7805, chipu ya kutuliza volti, kutoka kwa fundi redio wa Darajani, inachukua volti 12 za kasha na kutoa 4.97. Haikuwa 5 kamili, lakini ilikaa hapo hapo haitikisiki, nikapima upya mara moja. Dawa ya kweli imefika leo na boti ya Dar: MCP4822, chipu ya kutolea volti kama ile, ila hii ina kipimo chake ndani. Ukiiweka kwenye ukuzaji wa mara mbili, hatua moja ni milivolti moja. Oktavu ni 1000. Sika naiandika kama namba, na Ami aliposikiliza jioni akasema ipande kidogo, kidogo tena, hapo. Hapo palikuwa 297. Akapiga juu yake taksimu fupi, muziki wa kubuni papo hapo, na kwa mara ya kwanza hakunikatiza.

Nilikuwa nimepanga wiki hii niagize filta na nibadilishe jeki mbili zilizoota kutu ya kijani kwa hewa ya chumvi. Sijafanya hata kimoja. MCP4822 ina njia mbili za kutolea, na ya pili nimeipeleka kwenye ile osileta ya analogi niliyoitukana, ipige qarar, oktavu moja chini ya Plaits. Zikilia pamoja, ile ya analogi inayumba kidogo sana, kama fidla ya pili. Hiyo siigusi.

Zimebaki 6 HP. Filta niliyoiwekea pesa ni 8, na LFO iliyomo ni 8; ikitoka, filta inaingia. Anayeitaka LFO aje Kikwajuni, ila aje na chaja yake.