Mlio wa Dischma

Juzi binti yangu alirudi na karatasi ya shule yenye mchoro wa mlima, akaniuliza, "Mama, mtu akiona theluji inaporomoka, si akimbie tu?" Nikamwambia haiwezekani: bamba la theluji kavu likishakatika, ndani ya sekunde chache kasi yake imepita kilomita 80 kwa saa. Hakuridhika. Nami usiku ule sikulala vizuri, siku ya Dischma, bonde lililo karibu na Davos, Uswisi, ilinirudia yote.

Ilikuwa Februari, yeye hajazaliwa. Tulikuwa watatu: mume wangu, shemeji, na mimi ambaye theluji niliyoijua ni ile ya Kibo, unayoitazama kutoka shambani Machame mawingu yakifunguka. Jioni iliyotangulia, taarifa ya SLF, taasisi ya theluji iliyopo hapo Davos, ilikuwa imetoa daraja la 3 kati ya 5 la hatari ya maporomoko. Wengi husikia 3 wakadhani ni wastani tu. Lakini karibu nusu ya vifo vya maporomoko Uswisi hutokea kwenye daraja hilo, maana watu bado wanatoka kwenda milimani.

Kabla ya mteremko mkali, shemeji alisimama, akatoa koleo, akachimba hadi kwenye majani makavu. Akachonga nguzo ya theluji, sentimita 30 kwa 30, akalaza bapa la koleo juu yake na kuanza kugonga, apime itakatika upesi kiasi gani: mara kumi kwa kifundo cha mkono, kisha kwa nguvu ya kiwiko. Hakufika mbali. Sehemu ya juu ilichomoka yote kwa mkupuo, ikaniangukia magotini. Chini yake kulikuwa na chembe kubwa zinazong'aa. Nilizichota, zikamiminika vidoleni kama sukari. Mwanzoni mwa msimu theluji ilikuwa haba na usiku wa baridi kali. Ardhi ikiwa na joto kuliko hewa, mvuke hupanda ndani ya theluji na kuzikuza chembe hizo, nazo zikishakua hazishikani. Upepo wa wiki ile ulikuwa umerundika mzigo mzito juu yake.

"Hilo ni shimo moja," mume wangu alisema. "Wenzetu wameshapita, tazama." Kweli, nyayo zilikuwapo, zimekata mteremko toka upande hadi upande.

Nilipiga hatua kumsogelea. Tulikuwa bado mahali tambarare. Nilipokanyaga, chini kukashuka. Kidogo tu, labda unene wa kidole, lakini kulishuka kote kwa pamoja, mimi na wao na kila kilichotuzunguka, kwa mlio mzito nilioupata kifuani kabla ya masikioni: vum. Lilikuwa tabaka la zile chembe likivunjika chini yetu. Mlio ukatoka miguuni pangu ukakimbilia mlimani. Nyuma yake nikaona ufa, mstari mwembamba wenye kivuli, ukapita mbele ya shemeji, ukapanda hadi pale ardhi inapoanza kusimama, ukakoma. Shemeji aliinua mkono: "Usisogee." Mkono wangu ulikwenda wenyewe kifuani, kwenye kifaa cha kutuma mawimbi, kile kinachowaonyesha wenzako ulipofukiwa, nikakumbuka alichotufundisha: aliyefunikwa akifukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kuishi, baada ya hapo nafasi huporomoka. Nilianza kutafuta kwa macho nani angenifukua.

Tulirudi tulikotoka, mmoja mmoja.

Mteremko ule haukuanguka siku ile, wala wiki ile. Mume wangu mpaka leo anasema tungepita salama kama wenzetu. Shemeji humjibu kwamba penye theluji nene uzito wa mtu haulifikii tabaka dhaifu la zile chembe, na hatua chache pembeni, penye uhaba, unalifikia. Waliopita walibahatika na unene. Hakuna kati yao anayeweza kuthibitisha. Mimi naegemea kwa shemeji, kwa sababu ya zile chembe mkononi, ingawa najua shimo moja si mlima mzima.