LLC ya Delaware, mi nikiwa Texas

Basi nami nikafuata mkumbo, kila mtu anakwambia sajili LLC (kampuni ambayo madeni yake hayagusi mali zako binafsi) jimbo la Delaware, Marekani, nikasajili fasta, kumbe mi naishi na biashara naifanyia Texas, jimbo lingine kabisa! Hapo ndo nikajua Texas inaihesabu kampuni yangu kama mgeni, so lazima niisajili na huku, ada dola 750, roho iliniuma we acha tu. Na Delaware nayo inataka dola 300 zake kila mwaka ifikapo Juni 1, hata kama hujauza hata kalamu, ukichelewa faini dola 200 juu. Afu uwe na ejenti wa kukupokelea barua za kisheria za kampuni, mwenye anwani ya mtaani hukohuko Delaware, sanduku la posta halikubaliki. EIN (namba ya kodi ya biashara) ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, lakini ni bure, usimlipe mtu akuombee (mi nililipa, msinicheke).