Ufunguo wa Upande wa Wanawake

Msikiti niliuona kabla sijaliona soko lenyewe, mnara wake mfupi wa kijani ukichungulia juu ya mabati, nami nikamshukuru Mwenyezi Mungu, kwa kuwa ilikuwa saa nane na nusu na mimi na binti yangu hatukuwa tumeswali Adhuhuri. Tulikuwa tumeshushwa hapo bila kupenda. Asubuhi, mjini Kisumu, makanga alituhakikishia kwamba gari linakwenda Mumias moja kwa moja, akatutoza shilingi 500 kila mmoja, mtoto wa miaka tisa akahesabiwa mtu mzima, na gari likakaa kituoni hadi saa sita likisubiri kujaa. Tulipofika katika mji ule mdogo wa soko tukiwa abiria wanne tu, dereva akasema kwamba mafuta hayatarudi, tushuke tusubiri gari la mwenzake lililo nyuma. Gari la mwenzake halikuja, na nauli yetu haikurudi.

Tulikuwa tunakwenda kwenye nikaha ya mtoto wa dada yangu, iliyopangwa siku iliyofuata baada ya Adhuhuri. Kutoka Nakuru tuliondoka siku moja mapema kwa ajili yangu mimi: nafundisha madrasa, na kwa miaka mingi nimewasomesha watoto habari za misikiti ya Lamu na Mombasa huku hii ya magharibi, iliyo karibu nasi zaidi, nikiwa sijaiona hata mmoja. Barabara ya kupitia Kericho sina la kuisimulia, isipokuwa kwamba baridi ya Mau Summit ilitufanya tujifunike leso mbilimbili, na tulipofika Ahero tukazivua zote.

Kisumu tulilala usiku mmoja katika chumba cha shilingi 2,000 ambacho chandarua chake kilikuwa na matundu ya kupitisha kidole. Hata hivyo jioni ile ilinifidia. Jamia ya Kisumu, yaani msikiti wa Ijumaa, kwa minara yake miwili na rangi zake za kijani na nyeupe, ilijengwa mwaka 1919, miaka 18 tu baada ya reli kulifikia ziwa wakati mji ukiitwa Port Florence. Binti yangu alikuwa na ratiba ya swala ya Nakuru, ile ya kubandikwa ukutani, akasimama nje akingoja adhana ya Magharibi, na adhana ikachelewa. Aliponiuliza nilimweleza kwamba jua linapoelekea magharibi huwafikia watu wa Nakuru kwanza, kisha wa Kisumu baada ya dakika kama tano hivi, na kwamba Mombasa hututangulia kwa dakika zipatazo 20 kabla ya jua la Kisumu kuzama. Kwa hiyo anayefunga Ramadhani kando ya ziwa akafungulia adhana ya redio inayotoka Nairobi, huweka tende mdomoni jua lingali juu. Jambo hili nalijua tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kulisikia kwa masikio hadi nilipokaa kimya na mtoto yule nikingoja.

Narudi kwenye mji wa soko. Msikiti ulikuwa wazi upande wa wanaume: mlango wa mbele umefunguliwa pande zote mbili, viatu kama jozi sita kizingitini, na kijana amelala usingizi chini ya feni. Upande wa wanawake ulikuwa chumba kilichoegemezwa nyuma ya jengo, chenye mlango wa chuma na kufuli kubwa. Nikagonga. Nikazunguka nikitafuta mlango mwingine. Binti yangu akapanda juu ya tofali akachungulia dirishani, akaniambia kwamba ndani kuna magunia, viti vya plastiki vilivyopangwa hadi darini, na jeneza la msikiti. Kijana alipoamka alinijibu kwa adabu, akiwa ameangalia chini, kwamba ufunguo uko kwa mzee fulani, na mzee huyo amekwenda matanga ng'ambo ya mto.

Nilimwuliza kama tungeweza kusimama nyuma kabisa ya safu za wanaume, kwa kuwa swala ya jamaa ilikwisha kuswaliwa na msikiti ulikuwa mtupu. Akasema hawezi kuruhusu bila mzee. Sikumlaumu, na hata leo simlaumu, kwa kuwa hakuwa na umri wa miaka ishirini na amri haikuwa yake. Ningeweza pia kunuia kuichelewesha Adhuhuri niiswali pamoja na Alasiri, maana nilikuwa msafiri na ruhusa hiyo ninayo. Lakini sikujua gari lingepatikana saa ngapi, na niliogopa Alasiri nayo itukute tukiwa tumebanwa katikati ya abiria. Tukakaa kwenye kivuli cha ukuta. Mtoto akaniuliza: "Mama, kwani hawakujua kama tungekuja?"

Swali hilo lilinichoma kwa sababu ya Hadithi ya Mtume ambayo mimi mwenyewe huwahifadhisha wanafunzi wangu, ile isemayo, "Msiwazuie wajakazi wa Mwenyezi Mungu kwenda katika misikiti ya Mwenyezi Mungu." Naijua na riwaya nyingine isemayo kwamba nyumba zao ni bora kwao, na sijapata kumficha mwanafunzi yeyote nusu moja ili nimpe nusu nyingine. Lakini mwanamke aliye safarini nyumba yake iko wapi? Mwanamume akishuka garini huvua viatu akaingia. Mimi nimeshuka garini na mtoto, na udhu wangu nimeushika tangu Kisumu, nikijinyima maji ya kunywa ili usinitoke.

Aliyetuokoa alikuwa mama mzee aliyekuwa akiuza omena mkabala na lango, ambaye alikuwa akitutazama muda wote huo. Alivuka barabara akatusalimu, nami nikamwamkia. Mwanangu akamwita nyanya, naye akamrekebisha kwa upole kwamba huku aitwe kukhu. "Mwanangu," akaniambia, "huo ni mlango wa Ijumaa na Idi. Sisi wa siku nyingine tunaswali kwangu." Akalifunika sinia lake la omena kwa gunia, akamwomba muuza nyanya wa jirani amwangalizie, akatutangulia kwenye kichochoro nyuma ya soko.

Kwake palikuwa na nyumba ya udongo iliyosilibwa vizuri, ua uliofagiliwa, na mwembe mmoja mkubwa. Alitupa birika la maji, ingawa nilimwambia nina udhu, akasema maji ya safari hayamkatai mtu. Kisha akatandika mkeka mlangoni, si ndani wala nje, na nilipotaka kuitafuta kibla kwa simu akanizuia mkono. Marehemu mumewe, alieleza, aliupanda mwembe ule walipohamia kiwanja hicho, ili mkewe asimame mlangoni, auelekeze uso wake kwenye shina, awe ameelekea Makka hata siku ambayo yeye mume hayupo. Binti yangu kwa utundu aliitazama dira ya simu hata hivyo. Kutoka magharibi mwa Kenya kibla ni kaskazini, ikiinama kidogo upande wa mashariki, na shina la mwembe lilikuwa pale pale penye mshale, pengine kwa tofauti isiyozidi upana wa vidole viwili.

Kukhu naye hakuwa ameswali kwa sababu ya biashara, akaniomba niwaswalishe. Nikasimama katikati ya safu kama inavyompasa mwanamke anayewaswalisha wenzake, mtoto kushotoni na mzee kuliani. Mimi nilikuwa msafiri, nikatoa salamu baada ya rakaa mbili. Yeye mkaazi akasimama akakamilisha zake nne, naye alikuwa akijua kufanya hivyo bila mtu kumkumbusha. Nilikaa juu ya mkeka nikimsikia akisoma kwa sauti ya chini, herufi zake zikiwa na lafudhi ya Kiluhya na hukumu zake za kusoma Qurani zikiwa sahihi kuliko za baadhi ya wanafunzi wangu wakubwa. Nilipomwuliza alisomea wapi, akasema Mumias, kwa mama mmoja aliyekuwa akiwasomesha wasichana uani kwake.

Gari la pili lilitutoza shilingi 300 kila mmoja, na njia nzima nilikuwa nikiwaza juu ya kile chumba cha magunia. Uislamu uliingia upande huu wa magharibi kwa njia ya misafara ya biashara. Msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883, Mumias paliitwa kwa Shiundu, na baadaye pakaitwa kwa Mumia, mwanawe, Nabongo, yaani mfalme, wa Wawanga, ambao ni Waluhya wa huko, aliyefariki mwaka 1949. Waswahili wa pwani walipumzikia kwake wakienda Buganda, wakabadilishana naye bidhaa, na Mumia mwenyewe akasilimu pamoja na jamaa zake wengi. Hadi mwaka 1902 ardhi yote hii, hata Nakuru yetu, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Waliofuata misafara walikuwa askari wa Kisudani, ambao wajukuu wao ndio Wanubi wa leo, kisha wafanyabiashara wa Kihindi waliokuja na reli. Wapagazi, askari, wachuuzi: wengi wao walifika bila wake zao, na msikiti wa kwanza wa mtu wa namna hiyo ni chumba kimoja cha wanaume walio safarini. Wengi walioa hapa hapa. Wanawake wa Kiwanga waliosilimu walizaa na kulea jamaa za Kiislamu, lakini nadhani jengo lilikuwa limekwisha kusimama, na wao wakaongezewa chumba baadaye, kikaegemezwa nyuma.

Mumias tulifika jua linazama. Nikaha ya siku ya pili ilikwenda kwa heri, nami sitaieleza isipokuwa hili: katika Jamia ya Mumias upande wetu ulikuwa umejaa, akina mama wa Kiwanga wamekuja na mikeka yao na wajukuu wao, na hotuba ya Kiswahili ilipochanganyika na Kiwanga ni wao walioitikia kwa sauti, kabla ya wanaume. Nilimtafuta yule mama aliyekuwa akisomesha wasichana uani. Nikaambiwa amekwisha kufariki, na kwamba binti zake wanaendelea.

Tuliporudi tulipita Kisumu bila kulala, kwa kuwa fedha zilikuwa zimekwisha. Jumatatu, baada ya darasa, nilikwenda msikitini kwetu Nakuru saa nne asubuhi, saa ambayo sijawahi kwenda hata siku moja. Mlango wa ngazi ya wanawake ulikuwa umefungwa. Kwa miaka 14 nimeingia kwa mlango ule nikiukuta wazi, kwa sababu huja wakati wa swala na wakati wa darasa tu, na haikunipitikia akilini kwamba kuna mwanamke anayeshuka kituoni saa nne akitaka kuswali Dhuha, au saa tisa akiwa hajaswali Adhuhuri, akaikuta kufuli. Bawabu aliniambia kwamba ufunguo uko kwa katibu, na katibu yuko kazini.

Kamati ilikubali baada ya wiki mbili na mazungumzo marefu ambayo kwa sehemu kubwa yalihusu wizi wa mazulia, wasiwasi ambao nao una haki yake. Nilichonga ufunguo wa pili kwa shilingi 150, nikamwachia mama anayeuza mahamri langoni. Huwepo kuanzia alfajiri hadi baada ya Alasiri. Wiki ya kwanza aliniambia waliouomba ni wanne, mmoja wao ana mtoto mgongoni na alitoka Kisumu.