Nichore na nguo zangu

Mwaka 1733, hapa London, mchoraji William Hoare alikuwa amemaliza kuuchora uso wa Ayuba Suleiman Diallo, mtu wa Bundu huko Senegal. Ikabaki mavazi. Hoare akamwuliza amchore na nguo gani. Diallo akataka za kwao. Hoare akasema hawezi kuchora vazi asilopata kuliona wala kuelezwa na aliyeliona. Diallo akamwuliza: mbona basi wako wachoraji wanaothubutu kumchora Mungu, na hakuna aliyemwona?

Alichorwa alivyotaka: kanzu nyeupe, kilemba, na kifuko chekundu shingoni.

Katika picha zote nilizoziona National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri hapa London, hii ndiyo iliyonishika, na sababu ni jibu lile. Walipomkamata karibu na mto Gambia, watekaji walimnyoa nywele na ndevu ili aonekane mateka wa vita, kisha wakamuuza kwa Waingereza. Mtoto wa shehe, aliyehifadhi Kurani, akafikishwa Maryland, Amerika, utumwani, na sura aliyotengenezewa na wengine. Na tuseme yote: safari ile yeye mwenyewe alikwenda kuuza watu wawili, jambo ambalo picha haituambii. Barua ya Kiarabu aliyomwandikia baba yake ndiyo iliyomfungulia njia ya kukombolewa na kufika London. Basi mtu aliyekwisha kunyolewa kwa nguvu, akiulizwa avae nini, hawezi kusema "chochote tu".

Sisi tulioko huku tunapigwa picha kila mara, ila swali la Hoare ni wachache wanaotuuliza. Siku moja alikuja mpiga picha kwenye ukumbi tunaokutania mashariki ya London, akitafuta picha za kijitabu cha afya. Akamwona bibi mmoja wa Tanga amejikunyata ndani ya koti, kikombe cha chai mkononi. Akamtaka abaki vivyo hivyo, atazame dirishani.

Bibi akanigeukia. "Mwambie anisubiri, mwanangu. Miye si mgonjwa."

Akachukua mkoba wake, akaingia msalani. Alipotoka, koti halipo. Kajitanda kanga, wanja machoni, hereni za dhahabu masikioni. Akavuta kiti mbali na dirisha, akakaa wima, magoti pamoja, viganja juu ya mapaja, macho kwenye kamera. Mkao ule naujua. Ndio wa picha za studio za pwani, kama zile za Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, enzi ambazo mtu alivaa nguo za Idi ndipo akaenda kupigwa picha.

Mpiga picha akaniambia pembeni kwamba sasa bibi amejipanga mno, si yeye halisi tena.

Sikubaliani naye hata kidogo. Huku wengi huamini kwamba ukweli wa mtu hunaswa akiwa hana habari. Labda ni hivyo kwa mtu ambaye siku zote anatazamwa kwa heshima. Mimi ninayetunza wazee, nashinda ndani ya sare, watu wananiona kutwa nzima bila mimi kujipanga, na hawajanijua. Bibi yule alikuwa anasema yeye ni nani: mke wa mtu, mama wa watu, mtu wa mji. Alivyojikunyata ndani ya koti ilikuwa baridi tu.

Picha zilipigwa zote mbili. Kwenye kijitabu ikatoka ya kanga, kwa sababu bibi alikataa kutia saini karatasi ya ruhusa mpaka aonyeshwe ipi itatumika. Haki hiyo tunayo sote, tuitumie.

Na ukiwa London, nenda kamtazame Diallo, karibu na Trafalgar Square, kuingia ni bure. Uliza kwanza kama yuko ukutani, maana picha ni mali ya Qatar, pale imeazimwa. Ukiwa na mzazi aliyekuja kukutembelea, mchukue. Mwambie mapema, apate kuvaa.