Gitaa pana lisilopotea kwenye spika ya simu

Gitaa nililorekodi nyumbani kwa maikrofoni moja lilikaa katikati kabisa, likigombania nafasi na mwimbaji. Nikainakili traki: moja nikaipeleka kushoto, nyingine kulia, na ile ya kulia nikaichelewesha milisekunde 15. Gitaa likafunguka pande zote, mwimbaji akapata pa kukaa. Kwa muda mfupi hivyo sikio halisikii mwangwi. Huunganisha sauti mbili kuwa moja pana, inayoegemea upande wa ile iliyotangulia. Mjerumani Helmut Haas aliandika utafiti wake juu ya jambo hili mwaka 1949.

Tatizo lilikuwa spika moja ya simu. Hapo gitaa likawa jembamba, kama linapigwa ndani ya bomba. Pande mbili zikijumlishwa kuwa sauti moja, yaani mono, milisekunde 15 hufuta masafa ya karibu 33 Hz (mitetemo 33 kwa sekunde), kisha 100, 167, na hivyo hivyo kupanda. Kubadilisha muda huyahamisha mashimo tu, hakuyazibi.

Nilichofanya ni kuishusha ile nakala iliyochelewa kwa desibeli 6 na kuiondolea besi chini ya 200 Hz. Shimo likageuka bonde dogo, na noti za chini zikabaki nzito. Gitaa liliegemea kushoto kidogo, basi kayamba nikalihamishia kulia.

Kwenye kiitikio sikutumia ucheleweshaji kabisa. Nililipiga gitaa upya, kwa mkono, nikaweka kila rekodi upande wake. Mkono haurudii sawasawa, kwa hiyo mono hailidhuru sana. Kwa upana wa kweli, bado sijasikia kinachoishinda njia hii.